Fuata Debe

Chupa ya kupimia maji haioshwi. Naanza hapo kwa sababu ndipo wengi wenu mtakapokosea, na mtakosea kwa kuwa mmelelewa vizuri. Mama alikufundisha kusuuza kikombe kabla ya kuchota. Sasa ofisi imekupa chupa, umefika kisimani, na mkono wenyewe unaanza kusuuza. Ukisuuza umeiharibu. Chupa hiyo imetoka kwenye joto la tanuri haina kidudu hata kimoja, na kizibo chake kimefunikwa karatasi na kufungwa uzi. Unaifungua pale pale majini, si kabla. Unaishika karibu na kitako, mdomo unauelekeza kule maji yanakotoka ili yaliyopita kwenye vidole vyako yasiingie, unaacha nafasi kidogo juu, unafunga. Na usiongee ukiwa umeinama. Mate nayo ni maji.

Mkuu wa chuo chenu ameniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi, akanisihi nizipange mwaka baada ya mwaka. Nilijaribu mara mbili nikaacha. Ninachokumbuka zaidi ni makosa, na makosa hayana adabu ya kupanga foleni. Nitaandika yanavyokuja, nanyi mtachukua mtakachoweza kutumia.

Nilianza kazi Embu wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ilipokuwa ikipigana na watu wa msituni. Mimi ni Mmeru wa Imenti. Nilifunzwa mambo ya afya kwa muda mfupi kuliko ninyi mnavyofunzwa kuvaa glavu, kisha nikapelekwa Embu na baiskeli ya serikali, sanduku la mbao na kofia iliyonizidi kichwa. Watu walituita bwana afya. Tulikagua nyama na vyoo, tulipulizia watu dawa ya chawa, na tulichukua sampuli za maji. Kazi hiyo ya maji haikuwa na heshima kubwa. Mtu akikuona unainama mtoni na chupa ndogo kama ya dawa ya kikohozi, alijua tu kwamba serikali imeishiwa na mambo ya kufanya.

Aliyenifunza kazi yenyewe ni Mzee Njagi. Alikuwa Mmbeere, mrefu, mwenye sauti ndogo, na alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na maarifa mawili: kupika chapati juu ya kifuniko cha pipa, na kuyafanya maji machafu yanyweke. Hakuwa mzee sana kwa umri, labda arobaini na kitu, lakini alikuwa na namna ya kukutazama hadi ukajiona mtoto. Wiki yangu ya kwanza aliniona nimechota maji ya chemchemi kwa kiganja, nikayaonja, nikatangaza kwamba ni safi. Hakunikemea. Aliniuliza tu ulimi wangu ulisomea wapi. Siku tatu zilizofuata nilizimaliza chooni, ambacho kwa bahati nzuri nilikuwa nimekikagua mwenyewe.

Andikeni kwa penseli. Hilo nalo lina kisa chake. Sampuli zilipelekwa Nairobi kwa basi la barua, ndani ya sanduku lenye maranda ya mbao na barafu tuliyoomba kwenye jokofu la hospitali. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri na kalamu ya wino niliyopewa na mjomba, na niliona fahari kuandika lebo kwa wino. Barafu ikayeyuka njiani. Chupa nane zilifika maabara zikiwa safi kama zilivyozaliwa, lebo zote zimegeuka madoa ya buluu. Wakatuandikia barua ya mstari mmoja kuuliza ipi ni ipi. Njagi aliibandika barua hiyo ukutani juu ya meza yangu, ikakaa hapo hadi ikawa ya manjano.

Tena msidhani adui wa sampuli ni joto peke yake. Siku hizo barabara zote zilikuwa na vizuizi, na kwenye kizuizi kulikuwa na homgadi, wale walinzi wa vijiji waliopewa bunduki na serikali. Mmoja wao, karibu na Manyatta, alinisimamisha na chupa sita zilizojaa. Alikuwa ameambiwa achunguze kila kitu cha majimaji, kwa sababu watu wa kiapo, wale wa msituni, walisemekana kubeba dawa zao kwenye chupa. Akafungua ya kwanza, akanusa. Akafungua ya pili, akatia kidole. Nilimwambia ni maji. Akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa, kwa nini maji yafungwe kwa karatasi na uzi kama posa. Alizifungua zote sita, akaonja mbili, akanirudishia na kunitakia safari njema. Nikageuza baiskeli, nikarudi nilikotoka kuchota upya.

Sasa niwaeleze vikombe, maana bila vikombe hamtanielewa mbele. Chupa za Nairobi zilikuambia kama maji yana uchafu wa binadamu, lakini majibu yalichukua siku nyingi. Njagi alikuwa na sanduku la jeshi lenye vikombe sita vyeupe na kimoja cheusi. Sanduku hilo halikukuambia kama maji ni machafu. Lilikuambia dawa kiasi gani itayatosha. Kwenye kikombe cheusi ulikoroga unga wa klorini. Vile vyeupe ulijaza maji unayotaka kuyatibu, ukadondoshea tone moja la klorini kwenye cha kwanza, mawili kwenye cha pili, hivyo hivyo hadi cha sita. Unangoja nusu saa. Hapo ndipo vijana wote huharibu, kwa kuwa nusu saa ni ndefu ukiwa umesimama. Kisha unatia matone ya dawa yenye wanga ndani yake. Kikombe kitakachobaki cheupe, klorini yake imeliwa yote na uchafu. Kikombe cha kwanza kugeuka buluu ndicho kinachokupa hesabu: kikiwa cha pili, vijiko viwili. Kijiko cha jeshi kilipimwa kwa gari la maji la askari, kwa hiyo Njagi alikuwa amekata kingine kwenye mkebe wa sigara, kidogo zaidi, cha kutosha pipa moja la mafuta. Mapipa ndiyo tuliyokuwa nayo.

Shule ninayotaka kuwaambia ilikuwa upande wa juu, si mbali na msitu. Jina lake nitalihifadhi. Ilikuwa na chumba kimoja cha udongo, paa la nyasi, na madarasa manne yaliyokaa safu nne zikitazama ubao mmoja. Ilikuwepo kabla ya Hali ya Hatari. Serikali ilipowahamisha watu kutoka mashamba yao na kuwakusanya kwenye vijiji vyenye uzio, kijiji kilijengwa kuizunguka, na shule ikajikuta kwenye kona ya chini, ndani ya seng'enge. Shule nyingi za eneo hilo zilikuwa zimefungwa. Hii iliachwa kwa sababu misheni iliiombea, na kwa sababu ya mwalimu wake.

Aliitwa Mwalimu Igoki. Alikuwa mjane wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mkali kwa chaki kuliko kwa fimbo. Mvua ndefu za mwaka uliotangulia alikuwa amezika binti yake mdogo, Marigu, aliyekuwa na miaka sita. Watu walisema ni homa ya baridi. Mwalimu mwenyewe alirudi darasani baada ya wiki. Mwaka huo alikuwa na watoto kumi na mmoja wa darasa la nne. Siku hizo mtihani wa darasa la nne ulikuwa kisu. Aliyepita aliendelea, aliyeshindwa alirudi nyumbani, na aliyekosa kuufanya alihesabiwa pamoja na aliyeshindwa. Hapakuwa na mwaka wa pili.

Wiki tatu kabla ya mtihani, bwana shauri wa tarafa, Mzungu kijana aliyependa orodha, alitoa amri kwamba kila shule ipimwe maji yake ya kunywa, na itakayopatikana na maji mabaya ifungwe hadi itakapoyarekebisha. Homa ya matumbo ilikuwa imetajwa kwenye barua kutoka juu. Kila mtu alijua pia kwamba kituo cha homgadi cha kijiji kile kilikuwa kinavuja, na kwamba chumba cha shule kilikuwa kikavu.

Nilitumwa mimi. Nilifika siku ambayo Mwalimu alikuwa amekwenda tarafani kugongewa mhuri pasi yake ya kusafiria, na watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani mapema. Nilimkuta mama mmoja mzee akiosha sufuria ya uji wa shule. Cucu Ciarunji ndivyo walivyomwita wote, cucu ikiwa ni nyanya kwa lugha yao. Mimi nilijiona stadi wa lugha. Kimeru na Kiembu, nilijiambia, ni watoto wa mama mmoja, na kumsemesha mzee Kiswahili cha ofisini ni kumdharau. Nikamwuliza kwa Kimeru changu cha Imenti iko wapi ruuji ya shule. Alinitazama, akatazama chupa, akanyoosha mdomo kuelekea bondeni.

Nikashuka. Nikafika kwenye mto mpana kidogo, uliokanyagwa na ng'ombe, akina mama wakifua upande wa pili. Nikasikitika kidogo kwa ajili ya watoto. Nikafungua chupa pale pale majini, nikashika karibu na kitako, mdomo kule maji yanakotoka. Sikuongea nikiwa nimeinama. Nikaandika kwa penseli: maji ya kunywa, shule. Hakuna aliyewahi kuchukua sampuli kwa utaratibu mzuri kuliko ule.

Majibu yalirudi mabaya, kama ambavyo yangerudi kutoka mto wowote wenye ng'ombe na kijiji juu yake. Kwamba kijiji kizima kilichota mto ule ule, kwa foleni na chini ya ulinzi, halikumsumbua mtu ofisini. Amri ilihusu shule. Shule ikafungwa Jumatatu.

Jumanne Mwalimu Igoki alikuja ofisini kwa miguu. Alikuwa na kibuyu kidogo. Alikiweka juu ya meza yangu, chini ya ile barua ya wino, akaniambia bila kuketi.

"Bwana Afya, hii ndiyo maji yetu. Hiyo ulipima ni ya ng'ombe."

Akanieleza. Shule ilikuwa na chemchemi yake, hatua chache tu nyuma ya darasa, katikati ya majani mapana ya nduma. Wazazi walikuwa wameiwekea mfereji wa mwanzi ulioleta maji hadi kwenye pipa, na homgadi waliwaruhusu watoto kuitumia ili wasishuke mtoni kila saa. Alikuwa amemhoji Cucu, na Cucu alishangaa kulaumiwa. Bwana Afya aliuliza mto uko wapi, alisema Cucu, nami nikamwonyesha mto.

Ruuji. Kwetu Imenti neno hilo ni maji. Mwembu maji huyaita manji, na runji kwake ni mto. Semeni haraka, ruuji, runji, mkiwa na upepo na mzee wa miaka sabini mwenye mikono kwenye sufuria. Mtu wa pwani hangeweza kufanya kosa lile. Angeuliza kwa Kiswahili na angepelekwa kwenye chemchemi. Mzungu naye angechukua mkalimani. Ilihitaji Mmeru mwenye kujiamini.

Niliogopa, na sitaki kulipamba. Kusema kwamba lebo ya serikali ina uongo, katika miaka ile, na kusema hivyo kwa faida ya shule ambayo wakubwa waliitazama kwa jicho la pembeni, kulikuwa kujiweka mahali pa kuulizwa maswali mengine. Nilimwambia Mwalimu nitaangalia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo, akakiacha kibuyu mezani, akaenda. Nilikaa na kile kibuyu siku mbili. Nilijiambia kwamba amri si yangu, na kwamba watoto kumi na mmoja si wengi. Ninaona haya kuyaandika haya mbele yenu, lakini hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Njagi aliona kibuyu, akauliza, nikamweleza. Alicheka kwanza, kwa hilo la ruuji, akacheka hadi akavua miwani. Kisha akaacha kucheka.

"Siku nyingine usiulize maji iko wapi," aliniambia. "Fuata debe. Keti mahali, ngoja mtu apite na debe tupu, mfuate. Debe haina kabila."

Halafu akasimama, akavaa kofia, akanipeleka kwa Bwana Mkubwa wa afya kama askari anavyompeleka mahabusu.

Bwana Mkubwa alinisikiliza. Aliuliza kama iliyokosea ni chupa au ni mimi. Nikasema ni mimi. Akanipa karatasi nikaandika hivyo na kutia sahihi. Halikuwa jambo la dakika kumi, na bado ninaikumbuka rangi ya meza yake. Akaamua hivi: sampuli nyingine itachukuliwa kwenye chemchemi yenyewe. Kabla ya majibu, shule itafunguliwa kwa sharti kwamba mimi niende kila asubuhi kutibu pipa kwa klorini na kupima kwa vikombe. Majibu yakija mazuri, basi. Yakija mabaya, shule ifungwe siku hiyo hiyo. Bwana shauri alikubali kwa sababu barua iliandikwa vizuri.

Kwa hiyo nilikwenda kila asubuhi. Nilichukua sampuli kwenye mwanzi, kabla maji hayajafika kwenye pipa, maana ukichukua baada ya klorini unampima fundi, huyapimi maji. Hilo lishikeni. Kisha nikapanga vikombe ukutani. Watoto wa darasa la nne walisoma kwa sauti ndani, na mimi nikangoja nusu saa yangu nje. Kikombe cha pili ndicho kilichogeuka buluu, kila siku. Nilipaswa kujiuliza kwa nini cha kwanza kinabaki cheupe. Maji ya chemchemi safi hayali klorini hivyo. Nilijiambia ni majani.

Watoto walilalamika kwamba maji yananuka. Mwalimu Igoki aliwaambia wataona harufu hiyo hiyo siku wakienda shule ya bweni, basi waanze kuizoea. Yeye mwenyewe alikunywa kikombe kizima mbele yao. Tukaanza kuzungumza kidogo, mimi na yeye, zile nusu saa. Aliniambia jinsi alivyoitunza chemchemi ile, jinsi alivyozuia mbuzi, na kwamba Marigu alipokuwa mgonjwa hakumpa maji ya mtoni hata tone. Alimtekea ya pale, asubuhi na jioni, baridi kabisa, kwa sababu mtoto aliyapenda. Alinieleza kwa sauti ya kawaida, akifuta chaki mikononi.

Majibu yalifika siku ya mtihani. Nilikuwa nafunga sanduku kwenye baiskeli wakati Njagi alipotoka na karatasi. Alikuwa ameisoma. Maji ya chemchemi hayafai, yana uchafu wa binadamu.

Njagi hakunipa karatasi mara moja. Aliniuliza juu ya chemchemi ile kuna nini. Nikasema kuna kijiji. Akauliza kijiji gani, nyumba au nini. Nikafikiria mteremko, nikasema juu yake kuna safu ya vyoo vya kijiji, hatua arobaini hivi. Akauliza ni nani aliyepiga vigingi vya vyoo vile.

Alijua. Faili ilikuwa kabatini, na sahihi ilikuwa yangu. Kijiji kile kilipopangwa, mwaka uliotangulia, kabla tu ya mvua ndefu, nilitumwa na gunia la vigingi na utepe wa futi, siku moja kwa kijiji kizima, kwa kuwa watu walitakiwa wawe ndani kabla ya mwisho wa mwezi. Sheria niliijua: choo kisikae juu ya maji wanayokunywa watu. Nikawauliza wanaume waliokuwa wakichimba handaki la ulinzi iko wapi ruuji. Wote walionyesha bondeni, na hawakukosea. Nikapiga vigingi mbali kabisa na mto, kule juu, nikajipongeza. Chemchemi ilikuwa imefunikwa na nduma.

Njagi alinikabidhi karatasi. Alisema nimpelekee mwenyewe Mwalimu kabla ya kumpelekea bwana shauri, kisha akarudi ndani.

Nilipanda kwa baiskeli, na mahali pa mlima nikaisukuma. Nilifika saa tatu na nusu. Msimamizi wa mtihani, mwalimu wa misheni aliyetoka mbali, alikuwa akitembea kati ya safu. Vichwa kumi na kimoja vilikuwa vimeinama. Madarasa mengine yalikuwa yameambiwa yasije. Mwalimu Igoki hakuruhusiwa kuwa ndani siku hiyo, kwa hiyo alikuwa amesimama nje, mgongo ukutani, akisikiliza kalamu.

Nikampa karatasi. Kiingereza chake kilitosha. Aliisoma mara mbili, polepole.

"Ni chemchemi yangu," alisema.

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

"Tangu lini?"

Jibu la kitaalamu lipo, na mtalikuta kwenye vitabu vyenu: sampuli husema habari za siku iliyochotwa, haisemi za nyuma. Ni jibu la kweli kabisa. Nilifungua mdomo nilitoe. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima, nikisukuma baiskeli.

Nikamwambia ni tangu vyoo vya juu vichimbwe, mwaka jana, kabla ya mvua ndefu. Nikamwambia aliyepiga vigingi ni mimi. Nikamweleza na neno lenyewe, ruuji, na jinsi nilivyoliuliza mara mbili katika mahali pamoja na kujibiwa sawasawa mara zote mbili.

Nilimwona akihesabu miezi. Midomo ilisogea kidogo, kama anavyohesabu mtoto. Alipofika mwisho wa hesabu aliinua macho, akatazama mteremko, zile paa ndogo za nyasi zilizojipanga juu kwa mstari ulionyooka. Nilikuwa hodari wa mistari. Nilitamani anitukane. Nimetukanwa na watu wengi katika kazi hii, wenye hoteli, wachinjaji, machifu, na matusi yao yote nimeyasahau. Yeye hakunitukana, na hilo sijalisahau.

Aliuliza kama bwana shauri ameiona karatasi. Nikasema bado. Akauliza kama atafunga leo. Nikasema amri ni hiyo.

Alitazama dirishani. Mtoto mmoja alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya dawati ili msimamizi asimwone.

"Wako kwa hesabu," alisema. "Imebaki Kiingereza. Wakimaliza, hii nitapeleka mimi mwenyewe."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa gauni. Kisha akageukia pipa, akaligonga kwa kidole kusikia limejaa hadi wapi.

"Sasa hivi watatoka na kiu," alisema. "Pima maji, Bwana Afya."

Nikafungua sanduku, nikapanga vikombe ukutani, tone moja, mawili, matatu, hadi sita. Nilipoteza hesabu ya matone nikaharibu cha nne, ikabidi nikianze upya. Nusu saa yote alisimama kando yangu, na hakuondoka hadi kile cha pili kilipogeuka buluu.